Uzi ukiliwa: kutoka mtepe hadi bodaboda ya binamu yangu

Najua nimepotea siku nyingi hapa kijiweni. Kazi ya gazeti ndivyo ilivyo, mhariri akikushika hata kukohoa huna nafasi. Leo nimerudi na kisa cha bolti moja, ile ya kumwagia oili chini ya injini ya pikipiki. Usicheke kwanza. Bolti hiyo imenipeleka mbali, hadi karne ya kwanza, na imenirudisha Bagamoyo nikiwa na maswali zaidi ya niliyoondoka nayo.

Jumamosi moja nilikwenda Bagamoyo kikazi. Ni kilomita kama 70 kutoka Dar: unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, unafika. Binamu yangu anaendesha bodaboda pale mjini, akanipokea stendi ili anipeleke Kaole kwenye magofu. Hatukufika mbali. Nilisikia mguu wa kulia unapata joto, nikatazama chini, suruali yangu ya kikazi imelowa oili nyeusi ya moto. Nikampiga bega. "Zima, zima haraka!" Akazima. Tukashuka, tukainama kama watu waliopoteza sarafu.

Bolti ilikuwa imebaki inaning'inia. Binamu aliigusa kwa vidole viwili tu ikatoka. Kwenye meno yake kulikuwa kumejizungusha waya mwembamba wa rangi ya fedha, kama springi ya kalamu. Waya ule haukuwa waya. Ulikuwa uzi wa injini yenyewe, umeng'olewa kutoka ndani ya tundu. Mafundi wetu wanasema bolti imelewa, au uzi umeliwa. Unaizungusha, inazunguka tu, haishiki.

Binamu alikaa chini kwenye mchanga. Mnaoijua biashara hii mnajua kwa nini. Pikipiki si yake. Ni ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, na muda ukitimia chombo kinakuwa chake. Alikuwa mwezi wa tisa kati ya kumi na miwili. Na mkataba wake una mstari mmoja mfupi: uharibifu wa injini ni wa dereva. Injini ikiendeshwa dakika chache bila oili, pistoni inakwama kwenye silinda. Kilichotuokoa ni suruali yangu.

Nikamuuliza nani alifunga ile bolti mara ya mwisho. Akasema jana yake alimwaga oili kando ya barabara, na kijana aliyemfungia alichomeka bomba kwenye spana "ili ishike vizuri". Tulimlaumu yule kijana njia nzima tukisukuma pikipiki. Baadaye nimejifunza kwamba lawama ile haikuwa na haki sana. Ngoja nieleze.

Tuanze na maneno, kwa sababu sisi waandishi ndiyo chakula chetu. Umewahi kujiuliza kwa nini vifaa vya kufungia vitu vina majina ya mataifa mbalimbali? Msumari tumeupata kwa Waarabu. Parafujo, neno ambalo babu zetu walilitumia kabla ya skrubu, ni la Wareno. Skrubu, nati, bolti na spana tumechukua kwa Waingereza. Kila mgeni aliyetia nanga kwenye pwani hii alituachia chombo chake cha kufungia na jina lake. Lakini kile kinachoshika, yale meno yanayozunguka, tunaita uzi. Na uzi ni neno letu la zamani, lilikuwapo kabla ya bolti yoyote.

Sasa sikia hili. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki aliacha kitabu cha safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Soko la mwisho analolitaja kusini mwa pwani yetu anaita Rhapta, na anasema jina hilo linatokana na vyombo vya kushonwa. Wataalamu mpaka leo wanabishana Rhapta ilikuwa wapi hasa. Lakini vyombo vya kushonwa havina ubishi, kwa sababu viliendelea kutengenezwa upande huu kwa karne nyingi. Cha mwisho na maarufu zaidi ni mtepe wa visiwa vya Lamu, wenye tanga la mkeka, uliobeba boriti za mikoko hadi Zanzibar. Ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003 ulijengwa mmoja wa mfano, ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Mtepe ulishikwa na kamba ya makumbi ya nazi. Fundi alitoboa mbao kwa keke, akapitisha kamba, akaivuta, kisha akaziba tundu kwa kijiti. Kamba ilikuwa inaoza na kulegea, na kila mtu alijua hivyo. Baada ya muda chombo kinapandishwa pwani, kamba za zamani zinakatwa, kinashonwa upya kwa mbao zilezile. Yaani, wadau, wale wazee walichagua kwa makusudi ni kitu gani kitachakaa. Kamba ya nazi ni rahisi, inasokotwa na mtu yeyote. Ubao ni ghali. Kwa hiyo kamba ife, ubao upone.

Jahazi za misumari zina akili hiyohiyo. Kati ya ubao na ubao kunatiwa kalafati ya pamba, mwili unapakwa sifa, tumbo linapakwa shahamu. Hivyo vyote ni vya kurudiwa. Nahodha hasemi "nimeshatia kalafati mwaka juzi". Anatia tena.

Bolti nayo ilipita Bagamoyo mapema kuliko unavyodhani. Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka mjini hapo kwenda bara ukiwa na mashua iliyoitwa Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza katika vipande vya kubebeka. Vipande vilikuja vizito kuliko alivyoagiza, ikabidi vipunguzwe Zanzibar kabla ya safari. Wapagazi wakavibeba mabegani hadi Ziwa Viktoria, vikaunganishwa, na Machi 1875 mashua ikaelea. Baadaye ilibebwa tena hadi mto Kongo, na mwaka 1877 ikaachwa huko karibu na maporomoko ya Isangila. Historia inamkumbuka Stanley. Mimi nawafikiria wapagazi, na yule aliyekuwa na kazi ya kufunga na kufungua vile vipande porini, bila duka la spea karibu. Akiharibu uzi mmoja, atapata wapi mwingine?

Swali hilo halikuwa la porini tu. Hata Ulaya, kabla ya karne ya 19, kila bolti ilikuwa na nati yake peke yake, kama mume na mke. Ukizichanganya hazishikani. Karibu mwaka 1800 Henry Maudslay, fundi wa London, alitengeneza mashine ya kukereza iliyoweza kukata uzi sahihi na kuurudia. Kijana aliyefanya kazi kwake, Joseph Whitworth, mwaka 1841 alipendekeza viwanda vyote vya Uingereza vitumie uzi wa aina moja, wenye pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akasema hapana, nyuzi 60 ni rahisi zaidi kukata. Mwaka 1898 wahandisi wa Ulaya walikutana Zurich wakakubaliana uzi wa milimita, nao wenye pembe ya 60.

Tofauti ya nyuzi tano za pembe ni ndogo? Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza na Wamarekani walipigana upande mmoja, lakini nati ya huyu haikuingia sawasawa kwenye bolti ya yule. Hasara ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini makubaliano ya uzi wa pamoja. Na shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilipoanza kazi mwaka 1947, kamati yake ya kwanza kabisa, ile yenye namba moja, ilipewa kazi gani? Nyuzi za bolti. Kabla ya chakula, kabla ya karatasi, kabla ya kitu kingine chochote.

Sisi huku tulipokea kila kitu. Mjerumani alikuja na milimita, Mwingereza akaja na inchi, na Mjapani akaturudisha kwenye milimita. Ndiyo maana mafundi wazee wana maboksi mawili ya spana, na wanajua kwa kupapasa tu kwamba hii ni ya Land Rover ya zamani na hii ni ya Honda. Bolti ya binamu yangu ni ya milimita 12, na umbali kati ya jino na jino ni milimita moja na nusu. Ni kipimo cha kawaida cha Honda. Unaingia duka lolote la spea Kariakoo, unataja namba, unapewa. Whitworth angefurahi.

Lakini subiri. Kama bolti inapatikana popote kwa shilingi elfu mbili, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba kilichoharibika si bolti. Bolti ni chuma. Tumbo la injini ni aluminiamu, laini na jepesi. Vikikutana vikavutana, laini ndiyo inayokufa. Angalia ulivyo upuuzi huu ukilinganisha na mtepe: hapa kinachochakaa ni kile cha ghali, na kinachopona ni kile cha elfu mbili. Wosha iliyo kati yao, ya shaba au aluminiamu, ndiyo imewekwa ijitoe mhanga. Yenyewe inatakiwa ibonyee, izibe, itupwe na kuwekwa mpya kila unapomwaga oili. Mara ya mwisho umeona fundi wa barabarani akibadilisha wosha ni lini?

Wahandisi wenyewe walijitahidi. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilitoa pikipiki ya CG125, iliyoundwa makusudi kwa nchi kama zetu, ambako chombo kinapakia kupita kiasi na oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Waliipa fito za kusukuma vali badala ya mnyororo wa juu, kwa sababu inavumilia zaidi. Haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka na kunasa uchafu. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi, na ndiyo iliyojaa barabarani kwetu kwa majina mengi.

Halafu ikaja bodaboda. Jina lenyewe limetoka Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli walikuwa wanavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kwetu pikipiki za abiria zilianza kupewa leseni kwa kanuni za mwaka 2010. Piga hesabu nami. Dereva anayekimbia kilomita 150 kwa siku na kumwaga oili kila kilomita 1,500 anafungua ile bolti kila baada ya siku kumi. Ni mara 36 kwa mwaka, na aghalabu mkono tofauti, spana tofauti, injini ikiwa bado ya moto. Mtu wa kawaida anayekwenda nayo kazini asingeifungua hivyo hata kwa miaka kumi.

Na lile bomba? Bolti ya ukubwa huu inataka nguvu ya takriban nyutoni-mita 30. Kwa lugha yetu: ukishika spana ya sentimita 20 na kuvuta kama unainua kilo 15, basi, inatosha. Sasa chomeka bomba la mita moja, uvute vilevile. Umezidisha mara tano. Uzi hautoki siku hiyo. Unanyooka kidogo, unapata ufa, unangoja. Nyuzi chache za mwanzo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo. Zikifa, mzigo unahamia kwa zinazofuata, nazo zinakufa. Kwa hiyo yule kijana wa jana yake huenda alikuwa wa thelathini kati ya watu thelathini walioiua. Yeye alikutwa tu na maiti mkononi.

Turudi Bagamoyo. Fundi wa kwanza alitazama, akasema tuzungushe tepu nyeupe ya mabomba na kupaka gundi ya chuma. Bei ya soda mbili. Itashika kweli, mpaka siku ya kumwaga oili tena, ambapo hutaweza kuifungua, au itafunguka yenyewe ukiwa kasi. Fundi wa pili alikuwa na bolti nene zaidi ya kulazimisha ijikatie njia. Hiyo nayo inashika, lakini umeharibu kipimo, na ikilewa tena hakuna nyama iliyobaki. Tena mabaki yanaanguka ndani ya injini.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza nyuma ya nyumba yake. Ujana wake alifanya kazi kwenye karakana ya kiwanda cha umma. Baba yake alikuwa mjenga jahazi. Tukamwamkia, akaitikia, akachukua bolti na kuitazama karibu na jicho.

"Mwanangu, huyu hajafa," akamwambia binamu. "Tutamtia bushi."

Bushi ni nini? Ni kipande cha chuma kama pete ndefu, nje kina uzi na ndani kina uzi. Mzee alitoa nondo, akaichonga kwenye mashine: nje milimita 16, ndani 12 ileile ya Honda, na ukosi mdogo chini ili isizame. Kisha akailaza pikipiki ubavu, tundu likawa juu. Akatoboa hadi milimita 14 na nusu, taratibu, akihakikisha keke yake ya umeme imesimama wima. Akachukua kile chombo cha kukatia uzi wanachokiita tapu, akakipaka grisi nzito. Nikauliza grisi ya nini. Akasema inanasa vumbi la aluminiamu lisiingie tumboni. Anazungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, anatoa, anafuta, anarudia. Ilichukua karibu saa nzima. Mwisho akapaka gundi ya kushikia nyuzi, akafunga bushi, akaiacha ikauke huku sisi tukinywa kahawa. Kisha akaisimamisha, akamimina oili ya bei rahisi ioshe yaliyobaki ndani, akaimwaga, akafunga bolti mpya na wosha mpya.

Ujanja huu si wa mzee peke yake. Injini za ndege za Vita vya Pili zilikuwa za aluminiamu na zilipata ugonjwa huohuo kwenye matundu ya plagi, zikatiwa springi za chuma ndani ya uzi. Wazo ni moja. Sasa chuma kinakutana na chuma, na laini haiguswi tena. Siku bushi itakapochoka, inatolewa, inatiwa nyingine.

Nikamwambia mzee habari za mtepe, kwa mbwembwe za mtu aliyetoka chuo. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Baba alikuwa anasema, chombo kizuri ni kile unachoweza kukifungua," akajibu, akaendelea kufuta vyombo vyake.

Gharama yote ilikuwa elfu ishirini na tano. Tulichanga. Injini mpya ingekula hesabu ya miezi.

Lakini kuna jambo halijanitoka tangu siku ile. Nimesema wazee wa mtepe walichagua kitu rahisi kiumie ili cha ghali kipone. Mkataba wa binamu yangu nao umechagua. Tajiri ana chombo, muuzaji ana faida, fundi wa barabarani ana chake, na likitokea la kutokea anayebonyea ni kijana. Yeye ndiye wosha. Tofauti ni kwamba wosha ni ya shilingi mia chache, na huyu ana mke na mtoto wa miaka miwili. Mkataba wa haki ungegawana: uharibifu wa uzembe uwe wa dereva, uchakavu wa kawaida uwe wa mwenye chombo. Uzi uliofunguliwa mara 36 kwa mwaka ni uchakavu wa kawaida, au mimi ndiye sielewi? Nyie mliosoma sheria nisaidieni hapo.

Binamu alimaliza mkataba wake miezi mitatu baadaye. Pikipiki sasa ni yake. Nilipokwenda tena Bagamoyo aliinua kiti kunionyesha kitu: spana namba 17 iliyokatwa mpini, haifiki urefu wa kiganja. Alipewa na yule mzee. Oili anamwaga mwenyewe siku hizi, na wosha ananunua kumi kumi. Vijana wenzake wa kijiweni wanamcheka kwamba anaogopa kukaza.

Wawili kati yao wameshakwenda kwa mzee kutiwa bushi.

Haya wadau, uwanja wenu. Nani mwingine ameshalia kwa sababu ya bolti?